Mama Mjamzito na Majani ya Saiprasi

Kufanana si undugu. Mvinje wa pwani hufanana na saiprasi, lakini huchanua maua, nao ni wa ukoo mwingine kabisa. Saiprasi tunayoipanda sana, asili yake Meksiko na Amerika ya Kati, haina maua. Mbegu zake hukaa ndani ya vidude vya duara, vigumu kama mti. Ndugu yake ni mtarakwa wa milimani. Wote ni ukoo wa Cupressaceae.

Ukoo huo una hatari zake. Aina moja ya saiprasi, Cupressus macrocarpa, huharibu mimba za ng'ombe wanaokula majani yake. Kwa hiyo, mama mjamzito asinywe majani ya saiprasi kutibu kikohozi. Kikohozi kikifika wiki mbili, aende zahanati apimwe kifua kikuu.