Mama, weka mkasi chini: bahasha ya Kigoma na mipaka yetu

NILIMKUTA mkasi ukiwa mkononi. Mbele yake, juu ya gunia la chumvi ya Uvinza, kulikuwa na bahasha mbili kuukuu na vipande vitano vya karatasi, kila kimoja kina stempu yake. Bahasha tano zilizokatwa vipande hivyo zilikuwa zimekwisha kuwashia jiko.

Mama huyu ni mfanyabiashara wa siku nyingi hapa Rumonge. Hupeleka mawese Kigoma kwa boti, hurudi na vitenge, chumvi na sabuni. Safari hii alirudi pia na bahasha saba alizopewa Ujiji na mwenye nyumba aliyekuwa akisafisha sanduku la marehemu babu yake. Alikuwa amesikia kwamba yuko mtu Bujumbura anayenunua stempu za zamani.

"Mwalimu, hebu nisomee hapa," aliniambia. "Hiki ni Kifaransa, au ni kitu gani?"

Nilicheka kidogo. Mimi nimezaliwa Ulyankulu, katika makazi ya wakimbizi mkoani Tabora, nikasoma kwa Kiswahili na Kiingereza. Niliporudi Burundi mwaka 2009 nikiwa mwalimu mzima, nililazimika kujifunza Kifaransa nikitumia madaftari ya wanafunzi wangu. Wenzangu waliorudi wanaifahamu aibu hiyo.

Hata hivyo stempu ile niliisoma. Picha yake ni mtu anayepanda mchikichi, jambo lililomfurahisha sana Mama kwa kuwa mawese ndiyo riziki yake. Ni stempu ya Kongo ya Wabelgiji, ya sentimi 15. Juu ya picha pamepigwa mistari minne: EST AFRICAIN ALLEMAND, OCCUPATION BELGE, kisha maneno yale yale kwa Kiflemi, DUITSCH OOST AFRIKA, BELGISCHE BEZETTING. Maana yake ni Afrika Mashariki ya Wajerumani iliyokaliwa na Wabelgiji.

Na juu ya hayo yote uko muhuri wa posta, wa duara: KIGOMA, mwaka 1919.

Kigoma ya Wabelgiji

Vijana wengi niwafundishao hawajui kwamba Kigoma iliwahi kutawaliwa na Wabelgiji. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia jeshi la Kongo, lililoitwa Force Publique, chini ya Jenerali Charles Tombeur, liliingia Rwanda na Burundi mwaka 1916 likiwafukuza Wajerumani. Julai mwaka huo liliichukua Kigoma, na tarehe 19 Septemba liliingia Tabora. Nyuma ya askari walikwenda wapagazi, maelfu kwa maelfu, wakibeba risasi na unga vichwani. Wengi hawakurudi, na hakuna aliyetoa stempu yenye sura zao.

Jeshi likikaa mahali lazima lipate barua. Ofisa anataka kumwandikia mkewe, mfanyabiashara anataka kuagiza mali. Mwanzoni Wabelgiji walipiga neno RUANDA au URUNDI juu ya stempu za Kongo, lakini serikali yao haikuridhika nazo na hazikupata kutumika kwa kawaida. Ndipo zikaja zile za mistari minne. Baadhi ya mihuri ya wakati huo haina hata jina la mji, ina herufi B.P.C. na V.P.K. tu pamoja na namba, yaani posta ya vitani.

Kinachonichekesha mimi ni kwamba wakati stempu hizi zinatangaza kuwa Ubelgiji imeikalia nchi ya Wajerumani, Ubelgiji yenyewe karibu yote ilikuwa imekaliwa na Wajerumani. Serikali yao ilikuwa mkimbizi huko Le Havre, Ufaransa. Wakimbizi nao walikuwa na posta.

Upande mwingine wa nchi Waingereza walifanya vivyo hivyo. Walipokiteka kisiwa cha Mafia mwaka 1915 walipiga jina la kisiwa juu ya stempu walizokuwa nazo, zikiwamo za Wajerumani walizoziteka. Wajerumani nao, walipoishiwa stempu, walichapa zao kwenye mtambo wa misheni ya Vuga, Usambara, mwaka 1916. Meli ikafika na stempu kutoka Ulaya, hivyo wakazifukia zile za Vuga ardhini Morogoro zisiangukie mikononi mwa adui. Zilifukuliwa baada ya vita.

Faranga moja kwa mwaka

Tabora waliiachia mapema, lakini Kigoma walikaa mpaka Machi 1921, walipowakabidhi Waingereza. Wakabaki na Rwanda na Burundi, ambazo kuanzia mwaka 1924 zilipata stempu zenye jina la pamoja, Ruanda-Urundi.

Lakini hawakuondoka Kigoma kabisa. Kwa mkataba wa tarehe 15 Machi 1921 walikodishiwa na Waingereza eneo la bandari Kigoma na jingine Dar es Salaam. Kodi yake ilikuwa faranga moja kwa mwaka, na muda wake ulikuwa milele. Maeneo hayo yakaitwa Belbase. Mzigo wa Kongo au wa Burundi ulishuka melini Dar es Salaam, ukapanda treni hadi Kigoma na kuvuka ziwa bila kulipiwa ushuru wa Tanganyika njiani.

Mama aliposikia habari ya kutolipa ushuru alisimamisha mkasi kabisa. "Na sasa hivi iko wapi hiyo Belbase?" aliuliza, na majirani zake wa meza ya ndagala wakaangua kicheko.

Nilimweleza kwamba Mwalimu Nyerere aliikataa mwaka 1961, hata kabla ya bendera ya uhuru kupanda. Hoja yake ilikuwa kwamba Mwingereza mwenyewe alikuwa na haki ya muda tu Tanganyika, basi alipata wapi uwezo wa kumpa mwingine kitu cha milele? Mambo yalichukua miaka mingi kumalizika, lakini neno lilikuwa limekwisha kusemwa.

Barua mbili za babu

Sasa nieleze kwa nini nilimwomba Mama aweke mkasi chini.

Mwaka 1964 babu yangu aliishi hapa Rumonge, na baba yangu alikuwa akisoma Bujumbura. Babu alimwandikia barua mbili. Katika ya kwanza alimweleza kwamba amepanda michikichi thelathini ng'ambo ya kijito. Katika ya pili alitaja jirani waliyepakana naye. Mwaka 1972 baba alikimbia akiwa na shati moja na mfuko wa karatasi, na barua zote mbili zilikuwamo. Babu hakufika Tanzania.

Kambini akapita mgeni mmoja aliyekuwa akikusanya stempu. Aliipenda stempu ya Ufalme wa Burundi iliyokuwa kwenye bahasha ya pili, akaomba aikate. Baba hakuona ubaya. Alipewa kalamu mbili na biskuti, nami nikiwa mtoto nilizila biskuti hizo kwa furaha.

Tuliporudi tulikuta shamba lina mtu. Si mtu mbaya. Alikuwa amezaliwa hapo, na baba yake alikuwa na karatasi ya serikali ya miaka ya sabini. Tulifika mbele ya tume, wakaitwa na wazee wa kilima, bashingantahe. Nilitoa barua zangu.

Mjumbe mmoja alisema, na alikuwa na haki kusema, kwamba mtu yeyote anaweza kuandika barua jana na kuweka tarehe ya 1964. Basi akaomba bahasha. Ile ya kwanza ilikuwa na stempu ya Ufalme, na juu yake muhuri, nusu kwenye stempu na nusu kwenye karatasi: RUMONGE, na tarehe inayolingana na ya barua. Mzee mmoja wa upande wa pili aliishika muda mrefu karibu na dirisha, akasema muhuri huu haukupigwa Ulyankulu.

Bahasha ya pili ilikuwa na tundu. Waliiangalia, wakaiweka pembeni pamoja na barua yake. Jirani aliyetajwa humo ndiye aliyeujua mpaka wa juu, na sehemu hiyo ya juu hatukuipata.

Tuligawana kwenye kijito. Jirani yangu na mimi tunasalimiana, na watoto wake nimewafundisha hesabu.

Nilipomaliza, Mama aliviangalia vile vipande vitano. Kwenye kimoja muhuri ulisomeka KIG, basi. Tarehe ilikuwa imekwenda na moto, pamoja na jina la mwenye barua.

Niliongeza mambo machache ambayo mfanyabiashara yeyote wa ziwani anaweza kukutana nayo. Wakusanyaji wanaojua kazi yao hulipa zaidi kwa bahasha nzima iliyosafiri kuliko kwa stempu iliyokatwa. Anayekuhimiza ukate ama hajui, ama anajua sana. Zile zenye neno RUANDA au URUNDI peke yake zimeghushiwa mno, usimpe mtu akiba yako kwa ajili ya neno moja. Zipo pia zilizopigwa KIGOMA, TABORA au KAREMA kama jina juu ya picha, lakini hizo hazikuidhinishwa rasmi. Usizichanganye na muhuri wa posta wa duara. Na bahasha isioshwe wala isibandikwe gundi ya plastiki. Iingie ndani ya daftari, mbali na mawese.

"Mawese yako kila mahali kwangu," alisema.

Aliitwaa moja ya bahasha mbili zilizosalia, akaniomba nimsomee jina la aliyeandikiwa. Mwandiko ulikuwa wa Kizungu, wa kulala, lakini jina lilikuwa la Kiislamu, la mtu wa Ujiji. Nililisoma mara mbili. Mama alinyamaza, kisha akasema hilo ndilo jina la ukoo wa yule mwenye nyumba.

Vile vipande vitano aliviuza Bujumbura kwa bei ambayo hakutaka kunitajia. Bahasha mbili alizifunga ndani ya kipande cha kitenge, akaondoka nazo kwa boti iliyofuata ya Kigoma, pamoja na madumu yake ishirini ya mawese.