Popoisi: rekodi za mnyama anayeishi kwa masikio

Anayesikia juu zaidi. Sikio la binadamu hukoma kwenye kilohezi 20 hivi. La mbwa hufika kama 45. Popoisi wa bahari za kaskazini, jamaa wa pomboo mwenye kichwa butu na urefu wa mita moja na nusu tu, husikia hadi karibu kilohezi 180. Ni viumbe wachache baharini wanaomfikia. Milio anayotafutia samaki huitoa kwenye kilohezi 130 hivi, pale pale usikivu wake ulipo mkali zaidi. Mwangwi unaorudi haupiti kwenye tundu la sikio: hupokewa na mafuta ya taya la chini, nayo huufikisha sikio la ndani.

Mlaji asiyepumzika. Hii ndiyo rekodi inayonigusa kuliko zote. Mwaka 2016 watafiti waliowabandika popoisi wa Denmark vinasa sauti waliripoti kwamba mnyama mmoja aliweza kurukia samaki wadogo hadi 550 kwa saa, na zaidi ya mara 9 katika 10 alimpata. Si ulafi. Mwili mdogo katika maji baridi hupoteza joto upesi, na akiba yake haimfikishi mbali, kwa hiyo huwinda usiku na mchana. Na katika giza au maji machafu, kila samaki hupatikana kwa sikio.

Sasa pitisha meli juu yake. Utafiti wa 2018, huko huko Denmark, ulifuatilia popoisi 7 na kuwakuta ndani ya kelele za vyombo kwa kati ya asilimia 17 na 89 ya muda wao. Kelele ilipozidi, walizama kwa nguvu, wakaacha kuwinda, pengine wakanyamaza kabisa. Nyangumi mkubwa mwenye shehena ya mafuta mwilini anaweza kuipoteza nusu saa bila madhara makubwa. Kwa popoisi, nusu saa hiyo yaweza kuwa mamia ya samaki. Anayesema mnyama huyu atahamia tu kwingine hajaipiga hesabu hiyo.

Aliyekimbizwa mbali. Mwaka 2008, nguzo za mitambo ya upepo zilipokuwa zikigongwa chini huko Horns Rev, Denmark, popoisi walipungua hadi umbali wa karibu kilomita 18. Umeme wa upepo tunauhitaji, na njia ipo: Ujerumani imeweka kikomo cha desibeli 160 kwenye mita 750 kutoka nguzo, na wajenzi huizungushia pazia la mapovu ya hewa linalopunguza kishindo.

Kishindo kikali. Agosti 2019, mabomu 42 ya Uingereza yaliyotegwa baharini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia yalilipuliwa Fehmarn Belt, Ujerumani, yakiwemo yaliyokuwa ndani ya hifadhi ya bahari. Miezi iliyofuata popoisi waliokufa waliokotwa pwani. Baadhi ya waliochunguzwa walikuwa na majeraha ya mlipuko masikioni na kwenye mafuta ya taya. Hilo lingeweza kuepukwa.

Wa mtoni peke yake. Popoisi wa Yangtze, China, ndiye pekee aishiye maji matamu tu, tena katika mto wenye pilikapilika nyingi za meli za mizigo kuliko yote duniani. Mwaka 2017 walihesabiwa 1,012. Mwaka 2021 uvuvi ulipigwa marufuku kwa miaka 10, na sensa ya 2022 ikapata 1,249. Meli bado zinapita.