Jiko Lililoigwa: Fundi Mdogo Ashindaneje Sokoni?

Watu wengi hudhani ya kuwa mashindano ya biashara ni shauri la makampuni makubwa tu, yenye rasilmali nyingi na wanasheria wa kulinda uvumbuzi wao. Lakini fundi mwenye nyundo na patasi yake chini ya jua kali naye yumo katika mashindano hayo kila siku. Akibuni kitu kizuri leo, jirani yake aweza kukitazama na kukiiga juma lijalo. Je, fundi huyo afanyeje ili asipotewe na faida ya akili yake? Historia ya jiko la makaa la Kenya yaweza kutufundisha.

Zamani jiko lililotumika katika nyumba nyingi za mijini lilikuwa la bati tupu. Kulitengeneza ilikuwa kazi rahisi, lakini joto jingi lilipotea ubavuni, na mpishi alilazimika kununua makaa mengi. Mwaka wa 1981 mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya nishati mpya na zisizokwisha ulifanyika Nairobi, na katika miaka iliyofuata wataalamu, mafundi, na muungano wa vyama ulioitwa KENGO walishughulika kueneza jiko bora. Waliangalia jiko la Thailandi lenye umbo la ndoo na udongo wa kuchoma ndani yake, wakalibadili mpaka likafaa mapishi ya Kenya. Jiko jipya lilipewa kiuno chembamba na kitako kipana ili lisipinduke upesi, na bakuli la udongo likawekwa katika nusu ya juu tu. Liliweza kupunguza makaa kwa asilimia 30 hata 50.

Hapa pana fundisho la kwanza. Kuvumbua si lazima kuwe kuleta kitu ambacho hakijapata kuonekana duniani. Aghalabu ni kuchukua kitu kilichopo na kukirekebisha kwa haja ya mnunuzi aliye karibu.

Jiko hilo halikuzuiliwa kuigwa. Mafundi wa Shauri Moyo, Nairobi, na wa miji mingine, waliitwaa kazi hiyo kwa bidii. Tena waligawana kazi: wengine walifinyanga na kuchoma mabakuli, wengine walikata na kukunja mabati, na wengine waliviunganisha na kuuza. Kwa njia hiyo hata mtu wa mtaji mdogo aliweza kuingia. Bei ikashuka chini ya nusu ya bei ya kwanza, na katikati ya miaka ya 1990 majiko zaidi ya 700,000 yalikuwa yametapakaa nchini.

Hayo yalikuwa manufaa kwa wanunuzi. Lakini bei iliposhuka, hatari nyingine ilizaliwa. Fundi anayetaka kuuza rahisi kuliko wenzake huenda akatumia bati jembamba, au akachoma udongo kwa haraka. Siku ya kununua, majiko yote mawili hufanana. Bakuli bovu hupasuka baadaye, jikoni, nalo huwaharibia sifa hata mafundi waaminifu.

Wahenga walisema, “Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.” Maneno hayo ni kweli, ila kizuri huhitaji muda wa kujulikana, na fundi mdogo aweza kufilisika kabla ya muda huo kufika. Kwa hiyo yampasa akisaidie kizuri chake. Kwanza, atie alama yake juu ya kila chombo, ili mnunuzi aliyeridhika ajue pa kurudi. Pili, akubali kubadilisha bakuli lililopasuka mapema. Hasara hiyo ni ndogo kuliko hasara ya jina baya. Tatu, ahesabu gharama zake zote, pamoja na ujira wake mwenyewe, asije akauza kwa bei isiyomrudishia fedha yake. Nne, asiache kuwasikiliza wapishi, kwani mwigaji huiga chombo cha jana, wala hawezi kuiga kile ambacho fundi anakifikiri kwa ajili ya kesho.

Kushindana kwa bei peke yake ni kukimbia mbio zisizo na mwisho. Mashindano ya ubora na uaminifu hukawia kuzaa matunda, lakini matunda yake hudumu.