Sauti Iliyopotea Hairudi: Mikrofoni ya Mtutu na Kazi Yake Katika Kamera ya Video

KATIKA vikosi vyetu kamera ya video imekwisha kuwa chombo cha kazi, sawa na darubini na simu ya upepo. Gwaride la kufunga mafunzo hupigwa picha. Mazoezi ya medani hupigwa picha. Nao wenzetu wa polisi hurekodi maelezo ya mashahidi na hali ya mahali palipotendeka jinai. Lakini picha hizo zinapofunguliwa, mara nyingi jicho hushiba na sikio hubaki na njaa. Twamwona mkongwe wa vita akisimulia, machozi yakimlengalenga, kumbe kinachosikika ni upepo, ngurumo ya lori na pumzi za mpiga picha mwenyewe.

Jambo hili si dogo. Picha yaweza kuthibitisha kwamba mtu alisema. Ni sauti peke yake inayoweza kuthibitisha alisema nini. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 vita vya Kagera vilipokwisha mwaka 1979, leo amevuka miaka 65. Wale wa King's African Rifles waliopigana Burma mwaka 1944 chini ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, karibu wote wamekwisha kufariki. Mzee wa namna hiyo akikubali kusimulia, hatuna hakika kwamba atasimulia mara ya pili.

Kadhalika katika upande wa sheria. Uganda ilipitisha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki mwaka 2011, na Tanzania ikapitisha ya kwake mwaka 2015. Sheria hizo zatambua kwamba kumbukumbu ya kielektroniki yaweza kutolewa mahakamani kuwa ushahidi. Lakini hakimu hawezi kupima neno asilolisikia, na shahidi aliyezimwa na mvumo wa feni ni sawa na shahidi ambaye hakuitwa.

Kwa sababu hiyo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za chombo kimoja ambacho kinazidi kuonekana vikosini, yaani mikrofoni ya shotigani inayofungwa nje ya kamera. Jina hilo limetokana na umbo lake jembamba na refu, wala haina uhusiano wowote na risasi. Sisi tutaiita mikrofoni ya mtutu.

KWA NINI SIKIO LA KAMERA HALITOSHI

Kila kamera ina mikrofoni yake ndogo iliyojengwa ndani ya mwili wake. Mikrofoni hiyo ina dosari mbili. Dosari ya kwanza ni kwamba inakaa karibu mno na mpiga picha, na kwa hiyo husikia vidole vyake vikibonyeza, lenzi ikizunguka na pumzi zikitoka. Dosari ya pili, nayo ndiyo kubwa zaidi, ni kwamba inakaa mbali mno na msemaji. Lenzi yaweza kuuvuta uso wa mtu aliye umbali wa mita nne hadi ukajaza picha nzima. Sauti haina lenzi. Uso umekuja karibu, lakini sauti imebaki kule kule kwenye mita nne.

Kanuni yake ni rahisi, nayo yafaa kukaririwa. Mahali pa wazi, kila umbali unapozidishwa mara mbili, nguvu ya sauti hupungua kwa desibeli 6. Tukianza nusu mita kutoka kinywani, basi kwenye mita moja tumepoteza desibeli 6, kwenye mita mbili 12, na kwenye mita nne 18. Wakati huo upepo na kelele za kambini hazikupungua hata kidogo, maana hizo zimetuzunguka pande zote.

MTUTU UNAVYOFANYA KAZI

Tangu miaka ya 1930 wahandisi wa Marekani, miongoni mwao Harry F. Olson wa kampuni ya RCA, walikuwa wakieleza jinsi bomba lililowekwa mbele ya mikrofoni linavyoweza kuchagua sauti. Mtutu wa leo ni bomba lenye matundu au nyufa ubavuni, na kinasa sauti chenyewe kimekaa nyuma yake.

Askari ataelewa upesi tukitumia mfano wa gwaride. Sauti inayotoka mbele huingia katika bomba na kuteremka kwa mwendo mmoja, kama platuni inayopiga hatua pamoja. Ikifika mwisho, nguvu yake ni kamili. Sauti inayotoka ubavuni huingia kwa matundu mengi, na kila sehemu husafiri umbali wake. Zinapokutana ndani, mguu wa kushoto wa hii umeangukia mguu wa kulia wa ile. Hatua zinavurugana, na sauti inafifia. Kwa ufupi, mtutu hauongezi nguvu ya sauti ya mbele. Kazi yake ni kupunguza zile za pembeni.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Hudhani kwamba mikrofoni hii ni darubini ya sauti, waweza kusimama ng'ambo ya uwanja wa gwaride ukanasa mnong'ono wa mgeni wa heshima. Haiwezekani. Ikiwa mbali, itanasa sauti ya mbali, pamoja na kila kitu kilicho kwenye mstari ule ule, kabla ya msemaji na nyuma yake.

Tena mtutu hauzuii sauti zote kwa kiasi kimoja. Sauti husafiri kadiri ya mita 340 kwa sekunde. Sauti ya mitetemo 1,000 kwa sekunde ina wimbi la urefu wa sentimita 34, bali ile nzito ya mitetemo 100 ina wimbi la mita 3.4. Mikrofoni ya Kijerumani Sennheiser MKH 416, ambayo imetumika sana katika filamu na televisheni tangu miaka ya 1970, ina urefu wa sentimita 25 tu. Bomba fupi kama hilo haliwezi kulivuruga wimbi la mita tatu na zaidi. Ndiyo sababu ngurumo ya jenereta huingia ingawa mtutu haukuielekea. Dawa ya jenereta ni kuizima, au kuiweka mbali nyuma ya jengo.

JINSI YA KUITUMIA

Kwanza, sogea karibu. Mikrofoni iliyofungwa juu ya kamera ni afadhali kuliko ile ya ndani, lakini mahali pake hasa si pale. Ifungwe kwenye ufito mrefu, na askari wa pili aushike juu ya kichwa cha msemaji, nje kidogo ya mpaka wa picha, mtutu ukielekea kinywa au kifua kutoka juu. Umbali wa nusu mita, au zaidi kidogo, wafaa. Kuelekeza kutoka juu kuna faida nyingine: nyuma ya msemaji mtutu unaiona ardhi, wala hauyaoni magari yanayopita barabarani.

Pili, ilinde na upepo na mitikisiko. Kofia ya sponji inatosha ndani ya nyumba. Nje, hata upepo mwanana hunguruma kama mizinga, na hapo pahitajika kofia ya manyoya marefu. Mikrofoni ikae katika kishikio chenye mipira, ili mikono inayosogea juu ya ufito isisikike. Waya nao uzungushwe vizuri, usiguse ufito wala kuning'inia.

Tatu, hakikisha umeme. Mikrofoni nyingi za namna hii zahitaji volti 48, ambazo kamera huzituma kupitia waya ule ule wa sauti wenye plagi ya pini tatu. Kamera ndogo yenye tundu la milimita 3.5 haitoi volti hizo. Hapo tafuta mikrofoni yenye betri yake, au kifaa cha katikati cha kutoa umeme huo. Na betri ni kama risasi: huhesabiwa kabla ya kuondoka kambini.

Nne, pima kiwango cha sauti kwa mkono. Kamera ikiachwa ijipimie, kila msemaji anaponyamaza itaongeza nguvu yenyewe, na nyenje wa porini watapanda kana kwamba nao wameitwa kutoa ushahidi. Mwombe msemaji ataje jina lake na alichokula asubuhi, kisha rekebisha hadi sauti yake ya kawaida icheze karibu na desibeli 12 chini ya sifuri, na ya juu kabisa isipite 6 chini ya sifuri. Katika kamera za kidijitali sifuri ni dari. Sauti inayoigonga hukatwa kichwa, na hakuna fundi awezaye kukirudisha.

Tano, vaa hedifoni. Amri hii tungeiandika ya kwanza, ila tumeiweka hapa ili ikae kichwani. Jicho la mpiga picha hukesha, lakini asiyevaa hedifoni ni mlinzi aliyelala. Plagi iliyolegea, betri iliyokufa, simu ya mkononi inayotia mikwaruzo: yote haya husikika papo hapo, wakati ambapo bado yaweza kurekebishwa. Mwishoni, kila mtu akiwa kimya, rekodi sekunde 30 za utulivu wa mahali pale. Zitamfaa sana mhariri atakapounganisha vipande.

CHUMBANI NA CHINI YA MABATI

Wenzetu wa polisi hufanya kazi nyingi katika vyumba vidogo vyenye kuta za saruji. Humo mtutu unapoteza maarifa yake. Sauti hugonga kuta, dari na meza, kisha hurudi kutoka pande zote, hata kutoka mbele. Bomba halijui tena la kuchagua, na msemaji husikika kama aliye ndani ya pipa. Katika chumba cha namna hiyo ni heri mikrofoni fupi isiyo na mtutu, au ile ndogo ya kubana kwenye ukosi wa shati. Kama hapana nyingine, tundika mablanketi ukutani, mketishe msemaji mbali na kona, zima feni na friji, na usogee karibu zaidi. Mvua ikianza kupiga mabati, simamisha kazi. Hakuna chombo kinachoishinda.

HADHARI NA HESHIMA

Lipo jambo moja linalohusu uhai. Tarehe 17 Agosti 2003, Mazen Dana, mpiga picha za video wa shirika la habari la Reuters, aliuawa kwa risasi nje ya gereza la Abu Ghraib nchini Iraki. Askari wa Marekani aliyefyatua alikuwa juu ya kifaru, na maelezo ya jeshi lake yalikuwa kwamba aliidhania kamera kuwa mtambo wa kurushia roketi. Basi fikirini bomba jeusi juu ya ufito, likichomoza katika kona ya ukuta. Kila kikosi kinachopeleka wapiga picha medani kiwaarifu walinzi na wadunguaji wake: nani anarekodi, wapi, na chombo chake kina umbo gani. Naye mpiga picha asimwelekezee mtu mtutu huo ghafula. Zaidi ya hayo, askari aliye kizuizini akumbuke somo hili kila amwonapo mwandishi wa habari. Bomba begani si silaha mpaka limetambuliwa kuwa silaha.

Na lipo jambo la heshima. Msemaji aelezwe kwamba anarekodiwa, na kwa madhumuni gani. Mjane au mzee akiona ufito juu ya kichwa chake bila maelezo, huogopa, na mwenye hofu hasemi la moyoni. Mwonyesheni chombo, mpeni hedifoni asikilize sauti yake mwenyewe, ndipo mwanze. Kanda au kadi ya asili ihifadhiwe bila kukatwa neno lolote, iandikwe tarehe, mahali na jina la aliyerekodi. Kazi ya uhariri ifanywe juu ya nakala. Rekodi iliyochezewa haina thamani mbele ya mahakama, wala mbele ya historia.

Gharama ya mikrofoni hii yaweza kukitisha kikosi chenye bajeti ndogo. Lakini twakumbusha kwamba mikrofoni ya bei nafuu iliyo nusu mita kutoka kinywani huishinda ya bei ghali iliyo mita nne. Ukaribu haununuliwi. Unahitaji askari wawili wenye nidhamu, ufito, hedifoni, na uvumilivu wa kungoja lori lipite. Mkongwe aliyebeba habari za vita kwa zaidi ya miaka 40 anastahili kungojewa dakika hizo chache.