Banki inatoa zawadi, lakini iko na masharti

Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo ambalo limeingia katika nyumba zenye mtoto au ndugu huko Bulaya.

Katika familia moja ya Likasi, mtoto wa kwanza anafanya kazi Uingereza. Mwezi wa saba alipiga simu: «Mama, nahama banki. Banki mpya itanipa pauni 175. Zile feza ni za masomo ya mdogo wangu, asihangaike.»

Mama alifurahi sana. Binti alikuwa anaingia mwaka wa mwisho, ule wa Examen d'État. Lakini baba, mzee aliyefanya kazi mgodini miaka mingi, alitikisa kichwa. «Banki itoe feza bule? Ile ni Bindo ingine!»

Wazee wanakumbuka. Mwaka wa 1990 na wa 1991, kule Kinshasa, Bindo iliahidi kuzidisha feza za watu kwa muda mfupi. Wengi walipeleka akiba yao. Mwaka wa 1991 ikaanguka, na akiba zikapotea. Basi baba alikuwa na haki ya kuogopa. Lakini safari hii baba alikosea. Na mtoto naye alikosea. Tuone namna gani.

SI WIZI, NI BIASHARA

Kwa Bindo, mtu alitoa feza yake kwanza. Kwa zawadi hii ya Uingereza, mtu halipi kitu. Banki za kule zinanyang'anyana wateja. Tangu mwezi wa tisa 2013 kuna utaratibu mmoja wa kuhama: unaomba kwa banki mpya, na kwa siku 7 za kazi wao wenyewe wanahamisha kila kitu, yaani mshahara unaoingia, malipo yanayotoka, na feza iliyobaki. Halafu konti ya zamani inafungwa. Mtu akituma feza kwa namba ya zamani, zinafuata zenyewe mpaka konti mpya.

Juu ya nini banki itoe zawadi? Kwa sababu mtu mwenye mshahara leo, kesho atakopa feza ya kununua nyumba ao gari, na atalipa faida. Banki inajua hesabu yake. Na sisi tujue yetu.

MASHARTI YENYEWE

Kila banki iko na masharti yake, na yanabadilika mara kwa mara. Lakini haya ndiyo yanaonekana sana:

1. Kuhama kabisa, kwa utaratibu ule wa siku 7. Anayefungua konti mpya na kuacha ya zamani wazi, hapati kitu.

2. Kuingiza kiasi fulani kwa muda fulani, kwa mfano pauni 1,500 ndani ya siku 60. Angalia neno hili: kuingiza. Mara nyingi banki haisemi feza zilale mle. Zinaweza kuingia, kulipa nyumba na chakula, na kutumwa kwa wazazi.

3. Kuwa na malipo mawili ya kukatwa. Hapa wengi wanaanguka, tutarudi.

4. Kutumia kadi ya banki mara kadhaa, ao kuingia katika programu yao ya simu.

5. Kuwa hujapata zamani zawadi ya kuhamia banki ile ile.

MTOTO ALIANGUKA WAPI?

Alihama vizuri. Mshahara uliingia. Kadi aliitumia. Akangoja. Mwezi wa nane ukapita, hakuna kitu. Mwezi wa tisa masomo yakaanza, binti akabaki nyumbani. Baba akasema kwa uchungu: «Nilisema! Mtoto anatudanganya.»

Mtoto akapigia banki simu. Wakamjibu: malipo ya kukatwa iko moja tu.

Yeye aliamini iko na mawili: simu na nyumba. Lakini kuna tofauti. Malipo ya kukatwa ni hivi: unampa mwenye kukudai ruhusa, na yeye mwenyewe anakuja kukata feza katika konti yako, kiasi kinachotakiwa. Ya simu ilikuwa vile. Ya nyumba, hapana. Ile alikuwa ameamuru banki yake: kila mwezi, tuma kiasi hiki kwa mwenye nyumba. Feza zinatoka zenyewe katika njia zote mbili, lakini banki haizihesabu sawasawa. Na kwa sababu alikuwa anapanga chumba tu, maji na umeme vilikuwa kwa jina la mwenye nyumba.

Siku zilikuwa zimeisha. Konti ya zamani ilikuwa imefungwa. Zawadi ikaenda.

BABA ANAELEWA

Mtoto alieleza yote kwa simu, sauti imekufa. Baba alinyamaza, halafu akacheka kidogo. «Njo vile? Ni kama prime ya mgodi. Unafanya kazi siku zote za mwezi, unakosa siku moja, prime inaenda. Hukuiba, mtoto. Hukusoma karatasi.»

Toka siku ile ugomvi uliisha. Mtoto akakata katika mshahara wake mara mbili, akatuma. Binti aliingia masomo juma la tatu. Alikuta wenzake wamemtangulia, akaazima daftari za rafiki kunakili usiku. Ile ndiyo bei ya sharti moja.

MAMBO YA KUSHIKA

Wewe unayehama banki: soma masharti yote mbele ya kuomba, uyaandike katika karatasi na tarehe ya mwisho ya kila moja. Ukiona unapungukiwa malipo ya kukatwa, panga nyingine mbele ya siku kuisha. Ya simu, ya maji, hata ya mchango mdogo wa kila mwezi kwa shirika la kusaidia watu, kama banki inaikubali. Uliza banki kabla, si nyuma.

Usihame kila mwezi. Kila ombi la konti linaweza kuacha alama, na maombi mengi kwa muda mfupi yanaweza kukuharibia siku unapotaka mkopo wa nyumba. Na kama konti ya zamani iko na deni, ongea kwanza na banki mpya juu ya deni lile.

Mtu akikuambia: «Tuma kidogo kwanza, ndiyo upate zawadi ya banki», huyo ni mwizi. Kuhama kwa utaratibu ule hakulipishwi.

Ninyi wazazi mnaongoja: zawadi yenye masharti si feza bado. Msiiandike katika hesabu ya masomo mpaka iingie. Na ikikosa kuja, ulizeni mbele ya kuhukumu.

Je, katika nyumba yenu, ni ahadi gani mmeishaihesabu kama feza? Zungumzeni pamoja, wazazi na watoto, mezani usiku huu.