Kilo 87 za Rusinga: Rekodi za Mbuta na Mishipi Inayozileta

Ukitaja Rusinga, wengi watakumbuka kaburi la Tom Mboya. Waliosoma historia wataongeza fuvu la Proconsul, nyani wa kale ambaye Mary Leakey alimfukua huko mwaka 1948. Sifa ya tatu ya kisiwa hicho cha Homa Bay, ndani ya Ziwa Victoria, haisemwi sana, hata Mbita kwenyewe. Tarehe 5 Septemba 1991, mvuvi wa michezo Andy Davison alimtoa katika maji ya Rusinga mbuta wa pauni 191 na wakia 8, yaani karibu kilo 87. Akaandikwa kuwa mbuta mzito kuliko wote waliovuliwa kwa ufito na mshipi popote duniani.

Miaka michache baadaye Ziwa Nasser la Misri liliichukua rekodi hiyo, na kilele kilichowekwa huko tarehe 20 Desemba 2000 ni kilo 104.32, samaki wa William Toth. Wavuvi wa nyavu wa Karungu au Muhuru Bay hawatashangaa sana wakisikia tarakimu hizo, kwa kuwa mbuta aweza kufikia mita 2 na kilo 200. Lakini samaki wa wavu haingii katika kitabu cha rekodi. Kitabu kinataka mtu mmoja, ufito mmoja na mshipi mmoja.

Na mshipi ndio unaopimwa kwa ukali zaidi. Chama cha kimataifa cha uvuvi wa michezo, IGFA, kilichoundwa mwaka 1939, hupanga rekodi zake nyingi kulingana na nguvu za mshipi, kuanzia wa kilo 1 hadi wa kilo 60. Anayedai rekodi hupeleka kipande cha mshipi wake wenyewe. Huko hulowekwa majini saa mbili, kisha huvutwa na mashine mpaka kikatike. Hulowekwa kwa sababu nailoni hunywa maji na kupoteza sehemu ya nguvu zake, kwa hiyo namba iliyochapishwa kwenye boksi dukani haitoshi kuwa ushahidi. Mvuvi yeyote wa ziwani angefaa kulijua hili: mshipi uliopasua mkono wako ukiwa mkavu sio ule ule utakaoshindana na samaki.

Mshipi unaovutika kuliko yote ndio huo huo wa nailoni ya uzi mmoja. Hurefuka hata kwa robo ya urefu wake kabla ya kukatika. Watu huuona huo kuwa udhaifu, nami nauona kuwa ndio nguvu yake panapohusika chambo bandia cha kuburutwa nyuma ya mashua, wale samaki wakubwa wa mbao au plastiki wenye ndoano za pembe tatu, mfano wa Rapala kutoka Finland. Hivyo ndivyo wageni waliosafirishwa kwa ndege ndogo kutoka Maasai Mara hadi Mfangano walivyozoea kuvua. Mashua inakwenda, mbuta anakivamia chambo kwa kishindo, na mshipi usiovutika hapo huing'oa ndoano mdomoni au kuinyoosha kabisa. Nailoni hulegea kidogo, samaki akabaki. Tena ni mshipi wa bei nafuu kuliko mingine yote, jambo ambalo kwa kijana wa Sori anayeanza lina uzito wake.

Mwembamba kuliko yote kwa nguvu zake ni mshipi wa kusukwa kwa nyuzi za poliethilini. Hauvutiki karibu hata kidogo, na kwa kuwa ni mwepesi kuliko maji, huelea. Hapo una matumizi mawili. Chambo cha kuchezea juu ya maji huhitaji mshipi usiokizamisha pua. Chambo cha mpira chenye kichwa cha risasi, kile cha kushushwa mpaka chini na kurushwarushwa, huhitaji mshipi unaoleta habari mkononi: hapa ni mchanga, hapa ni jiwe, hapa kuna mdomo. Lakini mshipi huu ndio dhaifu kuliko yote ukisuguliwa. Mfangano na Rusinga ni mabaki ya volkano ya kale ya Kisingiri, na mawe yake chini ya maji ni makali. Kisiwa cha Migingo upande wa Migori nacho ni mwamba mtupu. Mbuta akishanasa hukimbilia mawe. Hana meno marefu, ila mdomo wake una meno madogo mengi yanayokwaruza kama msasa, na vifuniko vya mashavu yake vina makali. Kwa hiyo mbele ya mshipi wa kusukwa funga mita moja na nusu au mbili za nailoni nene, ya kilo 45 hivi. Bila kipande hicho, utaacha samaki na chambo pamoja.

Mzito kuliko yote, na mgumu kuliko yote kuonekana majini, ni wa florokaboni, uliotolewa na kampuni ya Kureha ya Japani mwaka 1971. Hupindisha mwanga kwa kiasi kinachokaribia cha maji: maji ni 1.33, florokaboni 1.42, nailoni 1.53 hivi. Pia huzama upesi, kwa hiyo husaidia chambo cha kupiga mbizi kifike chini zaidi. Hapa naomba mnunuzi atulie kidogo. Ndani ya Ghuba ya Winam, kuanzia Kendu Bay hadi Homa Bay mjini, maji yana tope la mito na mwani mwingi, na mara nyingi huoni hata mita moja. Kulipia mshipi usioonekana katika maji yasiyoonyesha kitu ni kutupa fedha. Nje ya ghuba, kuanzia Mfangano kushuka hadi Muhuru, maji ni masafi zaidi, na huko florokaboni inalipa.

Vitabu vingi vya mishipi vimeandikwa kwa ajili ya besi wa Marekani, samaki ambaye Ziwa Naivasha limekuwa naye tangu 1929. Rekodi yake ya dunia ni ya wawili: George Perry wa jimbo la Georgia, mwaka 1932, na Manabu Kurita wa Ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009. Kila samaki alikuwa na kilo 10 na kidogo. Mbuta wa Davison angewazidi besi wanane wa namna hiyo. Kanuni za vitabu hivyo zichukue. Namba zake ziache.

Kati ya samaki wa biashara wa ziwa letu, mdogo kuliko wote ni omena, asiyezidi sentimita 9 hivi, na mbuta humla sana. Anayeiga omena kwa kijiko kidogo cha chuma king'aacho asifunge mshipi mnene, maana hukikaza chambo kikakosa kucheza. Kilo 6 hadi 8 zatosha. Kamongo naye ana rekodi ya ajabu: urithi wa vinasaba uliomo katika kila seli yake ni mkubwa kuliko wa mnyama mwingine yeyote mwenye uti wa mgongo anayejulikana, mara arobaini hivi ya wa binadamu. Mvuvi atajali zaidi magego yake. Hukata nailoni, kwa hiyo kwake ni waya.

Rekodi moja ambayo nisingependa mtu aitafute hapa kwetu ni ya mbuta mkubwa kwa mshipi mwembamba. Mbuta wakubwa ni majike, ndio wazazi wa kesho, na ndiyo maana nchi tatu za ziwa ziliwekeana kanuni ya kuwakinga wanaozidi sentimita 85, kama walio chini ya 50. Jike akizungushwa muda mrefu katika maji ya joto huchoka asipone, na akitolewa kilindini kifuko chake cha hewa huvimba. Mshipi wa kilo 24 au zaidi humfikisha ubavuni mwa mashua akiwa bado na nguvu za kurudi. Vipande vilivyokatika virudi nyumbani nawe, kwani nailoni hukaa majini kwa mamia ya miaka, na mnandi na furukombe ndio hunaswa kwanza.

Tangu 2011 IGFA hupokea pia rekodi za urefu. Samaki hulazwa juu ya kipimo rasmi, hupigwa picha, kisha hurudishwa majini akiwa hai.