Mgawo wa Faida na Akiba ya Uzeeni: Mfano wa Marubani wa Marekani

Kila mwaka, hesabu zinapofungwa na bakaa kutangazwa, katibu wa chama huulizwa swali lile lile: fedha hizi tule, au tuweke? Swali hili haliwahusu wakulima na watumishi wa vyama vyetu peke yao. Linawakabili hata watu wenye mishahara mikubwa, na miongoni mwao ni marubani wa mashirika ya ndege ya Marekani. Tumeona vema tueleze jinsi marubani hao wanavyopokea mgawo wa faida na kuuingiza katika akiba ya uzeeni, kwa sababu utaratibu wao wa leo umetokana na hasara iliyowapata wenzao waliowatangulia.

Ahadi badala ya akiba

Kwa miaka mingi rubani wa shirika kubwa alitegemea pensheni ya shirika. Mwajiri aliahidi kumlipa kila mwezi, maisha yake yote, kiasi kilichokadiriwa kutokana na miaka ya utumishi na mshahara wake. Rubani hakuwa na akaunti yenye jina lake. Alikuwa na ahadi, na ahadi ina nguvu sawa na nguvu ya aliyeitoa.

Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 abiria walipungua na mashirika yakaelemewa na madeni. Shirika la United liliomba hifadhi ya mahakama ya ufilisi mwezi Desemba 2002, na Delta likafuata Septemba 2005. Mifuko ya pensheni ya United ilipovunjwa mwaka 2005 ilikuwa na upungufu wa dola bilioni 9.8. Shirika la serikali linalodhamini pensheni lilibeba bilioni 6.6 tu, zilizobaki zikawa hasara ya wafanyakazi na wastaafu. Mfuko wa marubani wa Delta nao ulivunjwa mwaka 2006.

Marubani waliumia kuliko wengi. Mwaka 2005 kiwango cha juu cha dhamana ya serikali kilikuwa kama dola 45,600 kwa mwaka kwa mtu anayeanza kulipwa akiwa na umri wa miaka 65, lakini kama dola 29,600 tu kwa anayeanza akiwa na miaka 60. Na wakati huo sheria ya usafiri wa anga ilimkataza rubani wa mashirika hayo kurusha ndege za abiria baada ya kutimiza miaka 60. Umri huo haukupandishwa kufikia 65 mpaka Desemba 2007. Hivyo sheria moja ilimtoa kazini mapema, na nyingine ikampunguzia malipo kwa kuwa ametoka mapema.

Tena, tangu mwaka 1994 marubani wa United na baadhi ya wafanyakazi wenzao walikuwa wamekubali kupunguziwa mishahara ili wapewe asilimia 55 ya hisa za shirika. Shirika lilipofilisika hisa hizo hazikuwa na thamani. Mshahara, pensheni na akiba vilikuwa vimetiwa katika chungu kimoja.

Akaunti yenye jina la mwenyewe

Leo nguzo kuu ya uzee wa marubani hao ni akaunti iitwayo 401(k), kwa kufuata kifungu cha sheria ya kodi kilichopitishwa mwaka 1978. Fedha zake huwekwa kwa jina la mfanyakazi na hutengwa na mali ya mwajiri. Shirika likifilisika wadai wake hawawezi kuzigusa. Lakini hakuna anayeahidi kiasi fulani cha mwisho. Thamani ikishuka sokoni, hasara ni ya mwenye akaunti.

Akaunti hii hulishwa kwa njia mbili. Kwanza, rubani hukatwa sehemu ya mapato yake kwa hiari. Pili, shirika huchangia kwa mujibu wa mkataba na chama cha marubani; katika mashirika makubwa mchango huo hupita asilimia 15 ya mapato, na rubani halazimiki kutoa chochote kwanza.

Mgawo wa faida na wasiwasi wake

Juu ya mshahara huja mgawo wa faida. Kanuni inayojulikana ya Delta ni kutoa asilimia 10 ya faida kabla ya kodi kwa dola bilioni 2.5 za kwanza, na asilimia 20 ya faida inayozidi hapo. Malipo kwa kawaida hutolewa mwezi Februari. Mwaka 2020 shirika hilo liligawa dola bilioni 1.6, sawa na mshahara wa takriban miezi miwili kwa kila mfanyakazi. Kisha likaja gonjwa la Korona. Hasara ya mwaka huo ilipita dola bilioni 12, na Februari 2021 hapakuwa na mgawo wa faida. Kufikia Februari 2024 mgawo ulikuwa umerudi kwenye dola bilioni 1.4. Ni dhahiri kwamba mtu aliyepanga ada za watoto au deni la nyumba kwa kutegemea mgawo huu alijitafutia mashaka.

Ukomo wa sheria

Kwa kuwa mgawo si wa kuaminika, wengi huona heri kuuingiza katika akiba unapopatikana. Hapo ndipo hesabu inapohitaji uangalifu, maana sheria imeweka ukomo. Kwa mwaka 2025 mfanyakazi aliruhusiwa kukatwa kwa hiari dola 23,500, na jumla ya makato yake na mchango wa mwajiri haikuruhusiwa kuzidi dola 70,000. Waliotimiza miaka 50 waliongezewa nafasi nyingine.

Tuchukue rubani wa miaka 45 mwenye mapato ya dola 300,000. Shirika likichangia asilimia 17, hizo ni dola 51,000, na nafasi iliyobaki ni dola 19,000. Lakini tuseme mwezi Februari, kwa furaha ya mgawo, ameagiza dola 23,500 zote ziingie. Sasa shirika limebakiwa na nafasi ya dola 46,500, na mchango wake wa dola 4,500 hauna pa kuingia. Katika baadhi ya mikataba ziada hiyo hupelekwa katika mfuko mwingine wa uzeeni. Katika mingine hulipwa kama mshahara na kutozwa kodi mwaka ule ule. Kwa hiyo rubani mwenye busara hukadiria kwanza mchango wa shirika kwa mwaka mzima, ndipo aamue makato yake mwenyewe.

Jambo jingine ni kodi. Malipo ya namna hii kwa kawaida hukatwa kodi ya mapato ya serikali kuu kwa asilimia 22. Mwenye mapato makubwa huenda akastahili kutozwa zaidi. Asipoweka kando tofauti hiyo, atadaiwa hesabu za kodi zinapokamilishwa mwezi Aprili. Aidha, anayetoa akiba yake kabla ya kutimiza miaka 59 na nusu kwa kawaida hulipa kodi pamoja na adhabu ya asilimia 10. Hapana budi basi abakize fedha za dharura nje ya akaunti hiyo.

Funzo kwa vyama vyetu

Sheria zetu si zile za Marekani, na mapato yetu si yale ya marubani. Hata hivyo mambo manne yanatuhusu. Matumizi ya kila siku yapangwe kwa mapato ya kudumu, wala si kwa bakaa ambayo mwaka ujao huenda isiwepo. Akiba ya uzeeni iandikwe kwa jina la mwenyewe na itengwe na fedha za uendeshaji. Mtu asiweke akiba yake yote mahali pale pale anapopata riziki yake. Na kabla ya kugawa, kanuni zisomwe na hesabu ifanywe, ili haki ya mtu isipotee kwa haraka ya siku moja.

Katibu atakayewaeleza wanachama mambo haya kabla ya siku ya mgawo, wakati fedha hazijafika mikononi, atakuwa amewafaa zaidi kuliko yule atakayewalaumu baada ya fedha kwisha.